Uwezo wa Mhusika Una Thamani Gani? Uliza Meza, Usiulize Kitabu

Leo naacha kidogo mambo ya hifadhidata na kuandika programu, nizungumzie mchezo. Sio mchezo wa kompyuta. Ni ule wa kukaa mezani na marafiki, karatasi, penseli na dadu, kila mtu akiigiza mhusika wake na mmoja akiongoza hadithi. Ulio maarufu zaidi ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Sisi kwetu hucheza GURPS ya Steve Jackson, iliyotoka 1986.

Katika Dungeons & Dragons ya mwanzo ulirusha dadu tatu kwa kila uwezo, na ulichopata ndicho chako. GURPS ni kama duka. Unapewa alama, unanunua nguvu, akili, ujuzi, chochote utakacho. Kwa hivyo kila kitu lazima kiwe na bei, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Bei hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Katika toleo la tatu, nguvu, wepesi, akili na afya zote ziliuzwa bei moja. Toleo la nne, la mwaka 2004, likabadilisha: nguvu na afya ni alama 10 kwa kila hatua, wepesi na akili ni 20. Mantiki yake naiona. Upanga, kupanda farasi, kufungua kufuli, uganga, karibu kila ujuzi hutegemea wepesi au akili. Ni kama kipande cha programu kinachoitwa na vipande vingine hamsini. Ukikiboresha hicho kimoja, vyote hamsini vinafaidika.

Mpaka hapo nakubaliana na kitabu. Sasa nikwambie kilichonipata.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza hadithi. Rafiki yangu mmoja alitengeneza mfasiri. Lugha ngeni, ukiijua kama mwenyewe kwa kusema na kuandika, ni alama 6. Alinunua tatu, jumla 18. Jirani yake mezani alinunua uwezo wa kuwa macho vitani, alama 15, unaomwongezea nafasi ya kukwepa na kukinga kila anaposhambuliwa. Kwa hesabu ya kitabu, mfasiri ndiye aliyepata mali nyingi zaidi.

Jumamosi baada ya Jumamosi nilileta majambazi, mapango na kuta za kupanda. Kama ilivyo kawaida yangu ya kupima programu kabla ya kuirekebisha, jioni moja niliweka daftari na kupiga vistari kila uwezo ulipotumika. Kukwepa kulijaza nusu ukurasa. Lugha: sifuri. Rafiki yangu alishinda akichezea simu, kisha akaniuliza kwa upole, "Ndugu, kwani mimi nimekuja kufanya nini?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu kosa halikuwa la kitabu wala lake. Lilikuwa langu.

Mwavuli mmoja una thamani gani? Limuru mwezi wa Aprili, jibu ni moja. Lodwar, ni jingine. Mwavuli ni ule ule, ila mvua imebadilika. Mezani, anayeleta mvua ni kiongozi wa hadithi. Mwandishi wa kanuni anaweza tu kukisia ni mara ngapi uwezo utaitwa. Mimi najua, maana ndiye ninayeuita.

Kuna wanaosema dawa ni kurudisha alama na kumwacha mtu anunue kingine. Nilijaribu. Nilimwambia nitamrudishia zote 18. Akakataa: "Sitaki alama. Nataka bandari."

Alikuwa sahihi. Mchezaji anapoandika lugha tatu kwenye karatasi yake, anakuambia hadithi anayotamani kuicheza. Juma lililofuata niliandika bandari, wafanyabiashara wa pande tatu, na barua ambayo wengine walikuwa wanakaribia kuichoma moto. Yeye akaisoma. Usiku ule aliokoa kundi zima bila upanga kutoka alani.

Ndiyo, mpiganaji wetu alilalamika kwamba alikaa bure. Haki yake. Juma lililofuata likawa lake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Bei za kitabu ni za kuanzia tu. Kabla ya kuandika tukio hata moja, kusanya karatasi za wachezaji wote uzisome. Kila uwezo walioulipia ni deni lako. Usipopanga kulilipa, mwambie mtu mapema asiununue, kuliko kumwacha alipe alama 18 kisha akae akihesabu dadu za wenzake.

Na kwenye meza yenu, ni uwezo gani umelipiwa na bado haujaitwa?