NENO LA BWANA SHAMBA: Maji yalifika pale kwenye mwembe



Mwezi huu tuzungumze juu ya rekodi za hali ya hewa. Neno rekodi umelisikia redioni, hasa katika habari za mpira na mbio. Katika hali ya hewa maana yake ni kipimo kilichozidi vipimo vyote vilivyopata kuandikwa mahali fulani. Inaweza kuwa joto, baridi, mvua, au maji ya ziwa.

Nitaanzia mbali kidogo, halafu nitarudi hapa Mwamgongo.

Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Ni ziwa la pili duniani kwa kina. La kwanza ni Baikal. Liko Siberia, katika nchi ya Urusi, na kina chake ni mita 1,642. Tunaweza kusema Baikal ni kaka yake Tanganyika. Lakini kaka huyu anakaa penye baridi. Kila mwaka, Januari, maji yake huganda yakawa barafu nene hata magari hupita juu yake. Fikiri wewe mvuvi wa Mwamgongo unaamka asubuhi, unakuta ziwa limekuwa uwanja, na gari linapita mahali ulipotega nyavu jana!

Huko Siberia ndiko kwenye rekodi za kushangaza. Kaskazini kabisa kuna mji mdogo unaoitwa Verkhoyansk. Mwezi wa Februari 1892 baridi ya hapo ilifika nyuzi 67.8 chini ya sifuri. Sifuri ni pale maji yanapoanza kuganda. Sasa shuka chini ya hapo nyuzi 67.8.

Mji ule ule, tarehe 20 Juni 2020, ulipata joto la nyuzi 38. Kigoma mjini, mchana wa kawaida, joto ni kama nyuzi 28 au 29. Kwa hiyo siku ile watu wa Siberia walitokwa jasho kutushinda sisi.

Jumlisha 67.8 na 38. Utapata 105.8. Kutoka maji yanapoganda mpaka yanapochemka ni nyuzi 100 tu. Watu wa mji mmoja wameona tofauti kubwa kuliko hiyo.

Kwa nini iko hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba mji ule uko ndani ya nchi kavu kubwa sana. Nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi. Maji ni mazito. Hupata joto polepole na kuliachia polepole. Jaribu mwenyewe. Weka juani kipande cha bati na ndoo ya maji. Saa 8 mchana gusa vyote viwili. Bati litakuunguza, maji hayatakuunguza. Sababu ya pili ni jua lenyewe. Kule kaskazini, mwezi wa Juni jua halizami, na mwezi wa Desemba halichomozi.

Sisi wa Mwamgongo tumekaa kando ya ndoo kubwa sana ya maji. Tena tuko karibu na Ikweta. Ndiyo maana joto letu halipandi mno wala halishuki mno. Rekodi zetu sisi ziko kwenye maji.

ZIWA LINA KUMBUKUMBU

Maji huingia katika ziwa letu kwa mvua na mito mingi. Lakini mto unaoyatoa nje ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi hutoka kwa njia nyingine: hupanda hewani kama mvuke kwa nguvu ya jua na upepo. Kazi hiyo ni ya polepole. Ikija miaka ya mvua kubwa, ziwa hupanda kwa miezi michache, lakini kushuka kwake huchukua miaka.

Zamani mdomo wa Lukuga uliwahi kuzibwa na mchanga na majani. Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta umeziba, na ziwa lilikuwa linapanda. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho. Ziwa likashuka kwa miaka mingi, karibu mita 10. Ukienda Ujiji leo utaona mahali panapokumbukwa kuwa Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871. Siku hizo palikuwa jirani na maji. Leo pako mbali na ufuko.

Kupanda kwa pili wazee wetu walikuona kwa macho. Mvua zilianza mwishoni mwa 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2. Tanganyika nalo likapanda mpaka kufikia kilele chake mwaka 1964.

Halafu likaanza kushuka. Ufuko ukapanuka. Miaka ya 1970 watu wengi wa mkoa wetu walihamia katika vijiji vya ujamaa, na vijiji vingi vya ufukoni vikakua. Watu walijenga, walipanda mazao, walianika dagaa kwenye mchanga mweupe. Wengi wao hawakuwa wameyaona maji ya 1964. Waliona mchanga, wakadhani ni nchi kavu.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanaodhani hivyo.

KITALU CHANGU

Mwaka 2019, wakati wa kiangazi, kikundi kimoja cha kina mama na vijana kiliniomba nikioneshe mahali pa kuweka kitalu cha michikichi. Mimi ndimi niliyechagua. Nilichagua sehemu tambarare karibu na ziwa. Sababu zangu zilikuwa nzuri: hapana mteremko, maji ya kumwagilia yako hatua chache, na boti inaweza kushusha mbolea pale pale. Cheti changu cha kilimo kilikubaliana nami.

Mzee mmoja alikuwa ameketi akishona nyavu. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akaniuliza, "Bwana shamba, mnataka kupanda samaki?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanionesha mwembe uliokuwa juu yetu, mbali kidogo na ufuko. Akasema, "Nilipokuwa mtoto wa miaka 12, maji yalifika pale kwenye mwembe. Hapa unaposimama tulikuwa tunaogelea."

Nilimshukuru kwa adabu, na nikaendelea kupima kitalu kwa kamba. Nilifikiri ni hadithi za wazee.

Mvua za mwishoni mwa 2019 zilikuja kwa nguvu. Mwaka ule Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ilikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ilipoa. Ikiwa hivyo, mawingu ya mvua huja kwetu. Mwaka 1961 pia ilikuwa hivyo. Kufika Aprili 2020 maji yalikuwa ndani ya kitalu. Tulihamisha viriba tulivyoweza. Vingine vilipasuka, na miche mingi ikafa. Mche wa mchikichi hulelewa kitaluni kwa mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo kilichopotea ni kazi ya miezi mingi, na fedha walizochanga kutokana na kuuza dagaa.

Kikundi hakikunitukana. Afadhali kingenitukana. Mwenyekiti wao aliniambia tu, "Bwana shamba, si mlisoma?"

Mwezi ule ule, ng'ambo ya kaskazini mwa ziwa, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani ukaingia katika mji wa Uvira. Watu wengi walikufa na maelfu walipoteza nyumba. Mwaka ule ule Ziwa Viktoria nalo lilifikia rekodi yake ya 1964. Na mwaka 2024, baada ya mvua za El Nino, ziwa letu lilipanda tena. Kule Bujumbura maji yaliingia katika mitaa ya ufukoni, watu wakahama makwao.

Mwembe wa mzee ungali pale. Sikuupima nilipoambiwa. Ningeupima kwa kamba ile ile niliyoishika mkononi, kazi ya dakika tano.

REKODI HUTOKA KATIKA DAFTARI

Turudi kidogo Verkhoyansk. Joto la nyuzi 38 lilipotangazwa, Shirika la Hali ya Hewa Duniani halikukubali siku ile ile. Wataalamu waliuliza: chombo kilikuwa kizima? Vituo vya jirani vilipima nini? Vipimo vya miaka iliyopita vinasemaje? Walikubali mwezi wa Desemba 2021. Wangekubali nini kama pale pasingekuwa na watu wanaoandika kila siku tangu karne ya 19, hata katika baridi ile?

Kigoma mjini kuna kituo cha hali ya hewa. Lakini wewe unajua kuwa mvua inaweza kunyesha Mwamgongo na Kigoma kukawa na jua. Milima yetu imesimama juu ya ziwa kama ukuta, na kila korongo lina mvua yake. Mvua ya hapa lazima ipimwe hapa.

Kipimo si ghali. Tafuta kopo lililonyooka, lenye mdomo sawa na tako lake, kama kopo la maziwa ya unga. Lifunge juu ya mti uliosimikwa mahali peupe, mbali na nyumba na miti. Kila siku saa 3 asubuhi tumbukiza rula wima ndani yake. Soma milimita. Hakikisha rula yako inaanza na sifuri kwenye ncha, kwa sababu nyingine zina nafasi kidogo mbele. Andika tarehe na kipimo. Mwaga maji. Kama hakuna maji, andika 0. Usiache wazi. Ukiacha wazi, mwakani hutajua kama mvua haikunyesha au wewe ulikwenda harusini.

Milimita 1 ni nini? Ni lita 1 ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Sasa mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, ekari yako imepokea zaidi ya lita 200,000. Pipa la mafuta lina lita 200. Kwa hiyo ni mapipa 1,000, kwa usiku mmoja, juu ya ekari moja ya mteremko. Hesabu ekari zilizo juu ya nyumba yako.

Kama juu kuna msitu, majani hupunguza nguvu ya matone na udongo hunywa sehemu kubwa. Kama juu ni muhogo uliopandwa kufuata mteremko, mapipa yale yanashuka pamoja na udongo. Wala huna haja ya kwenda mbali kuona tofauti. Baada ya mvua kubwa, tazama maji ya korongo la Mitumba, ndani ya Hifadhi ya Gombe, kisha utazame maji ya mto wetu. Ni majirani, mvua yao karibu ni moja. Lakini wetu hushuka na rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ni shamba la mtu.

Kwa ziwa, chagua jiwe kubwa lisilotikisika. Asubuhi, kabla ya upepo kuanza, wakati maji yametulia, pima kutoka juu ya jiwe mpaka kwenye maji. Fanya hivyo kila tarehe 1 ya mwezi. Kisha mtafute mzee aliyeyaona maji ya 1964. Mtoto wa miaka 10 wa wakati ule alizaliwa 1954, kwa hiyo hesabu mwenyewe kuwa hatuna muda mrefu wa kuuliza. Akuoneshe maji yalifika wapi. Paka rangi pale, kwenye mwamba au ukuta, na uandike mwaka. Weka alama nyingine kwa maji ya 2020 na ya 2024, maana hayo tuliyaona wenyewe.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Najua utaniuliza: Bwana shamba, nyuma yetu mlima, kusini hifadhi, mbele ziwa, tukae wapi? Ni swali la haki, na mimi peke yangu siwezi kulijibu. Linahitaji mkutano wa kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Lakini mkutano ule utakwenda vizuri zaidi kama alama ziko ukutani na kila mtu anaziona. Chini ya alama waweza kulima mboga za miezi mitatu na kuanika dagaa. Kitalu, ghala na choo vikae juu yake. Choo kikifikiwa na maji, kijiji kizima kinakunywa.

Wataalamu wanatuambia kwamba joto la dunia linapoongezeka kwa nyuzi moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu sehemu 7 katika 100. Mvuke huo hurudi kama mvua. Kwa hiyo alama ya 1964 isichukuliwe kuwa ndiyo mwisho wa maji. Acha nafasi juu yake.

Kikundi changu kilianza kitalu kipya mwaka 2021, juu ya mwembe. Kumwagilia ni taabu, kwa sababu ndoo zinapanda mlima. Mwenyekiti alinitaka nibebe ndoo ya kwanza, nami niliibeba. Kopo la mvua wamelifunga pale pale, na binti mmoja wa kikundi ndiye mwenye daftari.

Wewe nawe ukianza kupima, nitumie vipimo vya mwezi wa kwanza kwa barua kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji chako. Andika jina la kijiji na korongo. Nitavisoma vyote.