Kijana Wetu na Mtihani wa Novemba

Neno mtihani limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa mihna, yaani taabu inayompata mja ikadhihirisha alivyo. Waswahili tunalitumia kwa maana zote mbili. Maradhi ni mtihani, msiba ni mtihani, na karatasi ya hisabati ya Baraza la Mitihani nayo ni mtihani. Basi kijana asikiaye kila Ijumaa kwamba mtihani humpambanua mkweli na mwongo, aghlabu huingia katika chumba cha mtihani Novemba akidhani anakwenda kuhukumiwa nafsi yake. Akipata sifuri, haoni kwamba ameshindwa hisabati, bali hujiona yeye mwenyewe ndiye sifuri.

Jambo hili limekwisha kutufika. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, watahiniwa 240,903, takriban sita katika kila kumi, walipata sifuri. Vyombo vya habari viliripoti vijana waliojiua. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, aliunda tume, na mwezi Mei serikali ikaamuru matokeo yale yafutwe na yapangwe upya. Wapo waliokuwa na sifuri Februari wakawa na daraja la nne miezi michache baadaye, hali hawakuandika hata herufi moja zaidi. Waliojiua hawakuwapo kuyaona.

Sasa tujitazame hapa Ngarenaro. Familia nzima yaishi katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, redio ya jirani haizimwi, na binti arudipo shule hungojwa na ndoo, vyombo na jiko. Kitabu hukifungua saa nne usiku, naye keshachoka. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini tuisheni hailipiwi kwa maneno matupu, na mzazi ashindaye juani sokoni Kilombero ana haki ya kutaraji. Hata hivyo, kauli ya "nimekopa kwa ajili yako, usiniaibishe" haimwongezei mtoto elimu. Humwongezea deni. Na ile ya "mwana wa fulani amepata daraja la kwanza" ni mbaya zaidi, kwani humfanya achukie kitabu na amchukie mwana wa fulani pia.

Kichwa kumuuma, tumbo kumsokota, kukataa chakula, kukaa kimya siku nzima: haya yaweza kuwa hofu, wala si lazima yawe uvivu. Wapo wanaokimbilia kumsomea kijana kisomo cha majini wiki ya mtihani. Kisomo ni kheri, lakini na aulizwe kwanza amekula nini na amelala saa ngapi. Kukesha mfululizo hakuhifadhishi. Aliyesoma kisha akalala hushika zaidi. Na akisema kwamba maisha hayana faida tena, asikaripiwe kwa kukufuru wala asiachwe peke yake. Asikilizwe, kisha apelekwe Hospitali ya Mount Meru siku hiyo hiyo.

Yapasa mzazi amwambie mwanawe kabla ya mtihani, si baada ya matokeo, kwamba litakalokuja halitamtoa katika nyumba hii. Amtajie na njia zilizopo: kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au kusoma ufundi VETA. Kijana ajuaye kwamba upo mlango wa pili huukabili wa kwanza kwa moyo mtulivu zaidi.

Nasi walimu wa madrasa tunayo sehemu yetu. Kuanzia Septemba, wanafunzi wa kidato cha nne wapunguziwe masomo ya jioni, na msikiti ubaki wazi baada ya Isha, taa zikiwaka, kwa wasio na pa kusomea. Umeme wa saa mbili hautaufilisi mfuko wa msikiti. Kinachotakiwa ni mtu mzima mmoja wa kukaa nao na kufunga milango saa nne.