Vifo vya Watu Wazima Viandikwe Vijijini

Akifa mtoto mchanga, mama yake hubaki, naye akiulizwa na karani wa sensa ataeleza amezaa watoto wangapi na wangapi wangali hai. Akifa mtu mzima, mambo huwa mengine. Kaya huvunjika, shamba la migomba hukabidhiwa ndugu, watoto hugawanywa kwa wajomba na mashangazi. Karani afikapo hakuti wa kumjibu.

Wataalamu, wakiongozwa na William Brass wa Uingereza, walibuni njia ya kuzunguka tatizo hilo: kila mtu aulizwe kama mama yake na baba yake wangali hai, kisha hesabu ikokotolewe. Ni njia ya werevu, lakini ipeleke Nyakakika, wilayani Karagwe. Mtoto aliyelelewa na mama yake mdogo akiulizwa, "Mama yako yupo?" hujibu, "Yupo," wala hasemi uongo, kwa desturi yetu huyo ni mama. Kifo kimoja kimepotea. Aliyekufa bila kuacha mtoto naye hana wa kumtaja kabisa. Ukimwi, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ulizidisha kasoro hiyo, kwani mara nyingine ulimchukua mama pamoja na mtoto ambaye angeulizwa.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walizitembelea mara kwa mara kaya zaidi ya 900 za Kagera kupima hasara iletwayo na vifo hivyo. Mwaka 2004 watafiti walirudi, wakawafuata hata waliohama mkoa. Kazi ya kusifiwa, lakini fedha za utafiti huisha na vijiji vinaendelea kuzika. Sensa nayo huja baada ya miaka 10.

Sheria inataka kila kifo kiandikishwe. Ndugu, hata hivyo, huhangaikia cheti pale penye mirathi. Wengi hufia nyumbani, hivyo daftari la hospitali halitoshi. Ajabu ni kwamba msibani michango yote huorodheshwa, nani kaleta ndizi na nani fedha, ila marehemu mwenyewe haingii katika daftari lolote la serikali!

Mwenyekiti wa kitongoji hakosi mazishini. Mwalimu mkuu anawajua wanafunzi waliofiwa na wazazi. Mtendaji wa kijiji ana meza na kalamu. Basi aandike jina, jinsia, umri, tarehe, na maelezo ya ndugu juu ya ugonjwa, akianza na mazishi ya wiki hii.