Imani na Desemba ya Mwaka Shufwa Nyamongo

Nyamongo haina uhaba wa makanisa. Ukitoka Tarime mjini, ukapita Nyamwaga hadi kufika Nyangoto, Kewanja na Kerende, vijiji vilivyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, utayakuta kila upande: Wasabato, Wakatoliki, Wamennonite, Waanglikana, na makanisa ya kilokole ya mabati yaliyojipenyeza vichochoroni. Jumamosi vipaza sauti ni vya Wasabato, Jumapili ni zamu ya wengine. "Bwana asifiwe" utaisikia sokoni, kwenye kijiwe cha bodaboda na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza iwapo watu wa huko wanamwamini Mungu. La kuuliza ni imani hiyo inafanya nini jioni, watu wakisharudi nyumbani.

Kipimo chake huja Desemba. Kwa koo nyingi za Wakurya, msimu wa tohara huangukia mwaka shufwa: 2020, 2022, 2024. Shule zikifungwa, barabara hujaa misafara. Vijana wameshika fimbo na marungu, wanawake wanapiga vigelegele, filimbi zinalia, na katikati yupo msichana aliyetoka kukeketwa asubuhi ile. Amefunikwa kanga mpya, ameshikiwa mwavuli, ndugu wanamtunza noti. Anatembea kwa hatua fupi fupi maana hatua ndefu inauma. Katika mji wenye makanisa mengi namna hiyo, ni vigumu kuamini kwamba msafara mzima ni wa wapagani.

Hapo ndipo penye mjadala. Mkristo wa Nyamongo akitaka kujua imani yake ina uzito gani, asiutazame uimbaji wake wala zaka yake. Atazame nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mwili wa binti yake, juu ya fedha zinazoingia nyumbani, na juu ya jirani yake. Katika mambo hayo matatu, kanisa mara nyingi huwa mgeni mwalikwa: anakaribishwa chai, halafu anasubiriwa aondoke ndipo wenyewe wazungumze.

Sheria haina utata. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, wengi wakiijua kwa jina la SOSPA, iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Wengi hudhani sheria hiyo inamlenga ngariba peke yake, kumbe inamtaja mtu mwenye malezi na ulinzi wa mtoto. Inamtaja baba. Inamtaja mama. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa nchini walikuwa asilimia 18 mwaka 1996 na wameshuka hadi asilimia 8 mwaka 2022. Mkoa wa Mara umeshuka kwa mwendo wa kinyonga: asilimia 32 katika utafiti wa 2015/16, asilimia 28 mwaka 2022.

Kwa nini baba aliyebatizwa, pengine mzee wa kanisa kabisa, anakubali? Kumwita mnafiki ni rahisi na kunampa msemaji raha, lakini hakusaidii kitu. Wazo la kumpeleka binti halianzi kwake. Wazee wa mila, inchama, hukaa na kutangaza kwamba msimu umefunguliwa. Anayekaidi anaogopa laana: ng'ombe watakufa, uzao utakoma, msiba ukimfika hakuna atakayechimba kaburi. Kisha anakuja shangazi na swali moja tu: nani ataoa msagane? Neno hilo, la msichana asiyekeketwa, ni tusi linaloweza kumfuata mwanamke hadi jikoni kwa mama mkwe wake. Na nyuma ya yote kuna mahari, kwa sababu binti aliyekeketwa anahesabiwa kuwa tayari kuolewa, na kuolewa ni ng'ombe. Baba huyo hakuamka asubuhi na kuamua kumkana Kristo. Amezungukwa na ndugu walewale watakaomzika, ilhali mchungaji wake yuko mbali, na katika jambo hili amenyamaza.

Ukimya huo ndio wenye gharama kubwa kuliko yote. Mchungaji anayekemea pombe na uzinzi kila wiki, lakini ukeketaji anaugusa mara moja kwa mwaka, tena kwa mafumbo, amekwishawafundisha waumini wake kwamba jambo hilo liko nje ya mipaka ya Mungu.

Haki isemwe: wapo Wakristo wa Mara waliofanya zaidi ya kuhubiri. Masanga, wilayani Tarime, kituo chenye mizizi katika Kanisa Katoliki kimekuwa kikipokea wasichana wanaokimbia kukeketwa tangu 2008. Huwaweka kambini msimu mzima, huwafundisha, na kuwafanyia unyago mbadala, usio na kisu. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama mwaka 2014 chini ya usimamizi wa Rhobi Samwelly, ambaye mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania. Samwelly mwenyewe alikeketwa utotoni, akavuja damu nusura afe, na alikwishampoteza rafiki yake kwa kisu hichohicho. Filamu ya Giselle Portenier ya 2018, In the Name of Your Daughter, iliipeleka kazi yake duniani. Wasichana hufika usiku, wengine pekupeku, wengine wakiwa wamepanda bodaboda ya msamaria asiyetaka kutajwa.

Lakini kumpokea binti ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Januari shule zinafunguliwa na kambi lazima ipungue. Hapo huanza usuluhishi: wazazi wanaitwa, afisa ustawi wa jamii anakuwepo, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anakuwepo, na wazazi wanatia saini hati ya kuahidi kwamba binti akirudi hatakeketwa. Baadhi wanasaini na kutimiza. Baadhi wanamkataa mtoto palepale, wanamwambia asikanyage tena. Binti wa miaka 12 aliyekataliwa namna hiyo anabaki kituoni miaka, akilelewa kwa michango ya watu wa mbali, wakati nyumbani kwao kuna Biblia juu ya meza.

Hapo ndipo makanisa ya vijijini yanapaswa kuulizwa. Nyumba salama, kwa wema wake wote, imewapa watu wengi pa kusukumia wajibu. Binti akikimbia, "watu wa Masanga" watamchukua. Akikataliwa, "watu wa Mugumu" watamlea. Na kwaya ya kijijini kwao inaendelea na mazoezi ya Jumatano.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ukanda huu ulikuwa na mazoea ya kuifikisha imani nyumbani muda mrefu kabla mgodi haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwaka 1934. Mwaka 1942 uamsho wa Afrika Mashariki ukalikumba kanisa hilo. Kokote uamsho ule ulikopita, waliookoka walisimama kutaja dhambi zao hadharani, na Mzungu hakusazwa. Walirudisha vitu vya wizi kwa wenyewe. Mume aliomba radhi kwa mke mbele za watu, jambo ambalo hata leo lingezua gumzo wiki nzima Nyangoto. Wakatoliki nao, katika miaka ya 1960, walimpata mtafiti Marie-France Perrin Jassy aliyechunguza makanisa huru ya Wajaluo wa North Mara na kuona nguvu yao ilitoka wapi: watu wachache wanaojuana, wanaouguzana na kuzikana. Utafiti huo ulichangia fikra zilizozaa jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970.

Jumuiya zipo hadi leo. Zinasali rozari, zinachangia misiba, zinasoma Injili. Zina kitu ambacho hakuna shirika lenye gari la mradi linaweza kukinunua, nacho ni kujua. Mama wa jumuiya anajua binti wa nyumba ya tatu yuko darasa la sita, anajua shangazi yake amefika kutoka upande wa Kenya na kanga mpya kwenye mfuko, anajua baba amenyamaza siku mbili. Ujuzi huo ukibaki umbea ni hasara tupu.

Fedha nazo zina mitihani yake. Nyamongo imelipatia taifa neno tegesha. Ikisikika kwamba mgodi utapanua eneo, nyumba huota kwa siku chache: miti myembamba, mabati ya haraka, hakuna choo, hakuna moto jikoni. Miche hupandwa imesongamana, mradi ihesabiwe kwenye fidia. Mthamini akija, mwenyewe anaapa kwamba anaishi hapo na watoto. Migogoro ya fidia imedumu miaka mingi, na wapo waliocheleweshwa kweli, waliothaminiwa kisha wakakaa bila kulima wala kujenga. Ndiyo maana mahubiri mepesi juu ya tegesha hayana mwenye kuyasikiliza. Mtu anayeamini ameibiwa ardhi haoni uongo wa bati kuwa uongo. Hata hivyo Mkristo anayeijua habari ya Zakayo anajua kwamba mazungumzo na Yesu yaliishia kwenye hesabu ya fedha, siku hiyohiyo, tena nyumbani kwake. Na fidia ikitoka, kuna swali la pili, ambalo huulizwa mara chache zaidi: mke anajua kiasi kilicholipwa? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ndoa iliyofungwa kanisani isingepaswa kungoja kukumbushwa na sheria.

(Kuna mzaha unaopendwa nchi nzima kwamba mwanamke wa Kikurya asipopigwa anajiona hapendwi. Wanaoucheka ni wengi mno, na si Wakurya peke yao. Ungekufa mapema kama wahubiri nao wasingeutumia kuchangamsha semina za ndoa.)

Kuhusu jirani, Nyamongo ina jeraha lake. Mei 16, 2011 mamia ya watu walivamia mgodi kutafuta mawe yenye dhahabu, na polisi waliwaua watano. Wavamizi hao huitwa intruda; ni vijana wa nyumba zilezile ambamo mama anafunga na kuomba wasiende. Askari anayelinda ukuta naye ana mama, na pengine ana kiti katika kanisa lilelile. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walishirikiana kutoa ripoti kuhusu madini, iliyohoji kwa takwimu mwananchi anapata nini katika dhahabu yake. Ilikuwa kazi nzuri ya ngazi ya taifa. Kazi ya ngazi ya benchi, ya kuwakalisha askari na mzazi wa marehemu mahali pamoja, haitolewi ripoti, nayo ni ngumu zaidi.

Wapo watakaosema kanisa likiingilia mila litawapoteza watu. Hawakosei kabisa. Mwaka 1929, katika Kenya ya kikoloni, misheni ya Waskoti ya Kikuyu chini ya Dakta John Arthur iliwataka waumini waahidi kwa saini au dole gumba kuukana ukeketaji. Waliotia dole wakaitwa kirore kwa dhihaka. Wengine kwa maelfu wakaondoka wakaanzisha shule na makanisa yao, na ukeketaji ukageuka bendera ya kuwapinga Wazungu. Kisa hicho kinapaswa kumsumbua yeyote anayedhani hati ya Januari inatosha. Misheni ile ilitaka dole bila kukaa na watu, na agizo lilitoka kwa mgeni. Tarime ya leo ina nafasi ambayo Dakta Arthur hakuwa nayo: wachungaji, makatekista na masista wengi ni Wakurya, wanaoijua inchama kwa sura na kwa ukoo, wanaoweza kumfuata mzee wa mila nyumbani kwake, wakakaa kwenye kigoda na kuzungumza naye kwa lugha yake.

Baada ya 2024, mwaka shufwa unaofuata ni 2026. Kazi ya kanisa la Nyamongo katika msimu huo haianzi Desemba, wakati magari ya polisi yameanza doria. Inaanza mapema, jumuiya zikitembelea nyumba zenye mabinti wa darasa la tano hadi la saba, baba akaulizwa waziwazi anaogopa nini, na wanaume wenzake watatu au wanne wakamwambia kwamba msiba ukimfika watachimba kaburi wao. Inataka familia zilizokataa kukeketa zisimame na kusema binti zao wameolewa na nani, ili swali la shangazi lipate jibu lenye majina. Inataka mchungaji atangaze mapema kwamba hatakula nyama ya sherehe ile, na asile kweli. Na Januari, msichana anaposhuka kwenye gari la ustawi wa jamii akiwa na begi lake na nakala ya hati, inataka awepo mtu wa jumuiya wa kumpokea pamoja na wazazi, na wa kurudi wiki inayofuata, na mwezi unaofuata, kuuliza kama yuko shuleni.

Gharama yake si kubwa. Ni nauli ya bodaboda na muda, pamoja na daftari la majina ambalo katibu wa jumuiya tayari analo kwa ajili ya michango ya misiba.