Msimlaumu mwalimu, laumuni skripti yangu



Najua mnasubiri picha za TP na zile za magofu ya Kisiwani. Zitakuja, flash iko kwa mtu. Leo nina ugomvi na jamaa wa chumba cha jirani, ila lazima nianze kwa kujisema mwenyewe.

Tulipokuwa TP kwenye shule moja wilayani Kilwa, niliwaandikia walimu skripti ndogo ya kupiga wastani wa alama. Matumizi yake yalikuwa hivi:

./wastani.sh kidato2.csv matokeo.csv

Ya kwanza ni faili yenye alama, ya pili ni faili ya kuandikia majibu. Ndani kulikuwa na mstari mmoja tu wa maana:

awk -F, -f wastani.awk "$1" > "$2"

Nikajiona fundi kweli kweli. Nikawaelekeza kwa mdomo, ya kwanza chanzo, ya pili tokeo, jamani msisahau. TP ikaisha, nikaenda zangu Nangurukuru kupanda basi.

Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja mtu mzima, anakaribia kustaafu, akaigeuza. Aliandika matokeo.csv kwanza, kidato2.csv baadaye. Alikuwa amekesha siku tatu akiingiza alama za Kidato cha Pili kwa vidole viwili. Na kwa kuwa matokeo.csv ya mwezi uliopita ilikuwepo, skripti haikuguna hata kidogo. Ile alama ya > huifungua faili ya upande wa kulia na kuifuta yote kabla awk haijaanza kusoma kitu. Alama zikaenda. Karatasi za mtihani wanafunzi walisharudishiwa, wakaambiwa wazilete tena kutoka nyumbani, na nyingine zilikuwa zimeshafungiwa karanga.

Kwenye kikao cha walimu ikasemwa kwamba wazee na kompyuta haviendani. Mzee wa watu akajibu, "Nimekosea, samahani." Nilipopigiwa simu nikasema, "Shikamoo mwalimu, pole sana." Pole! Mimi ndo niliyemtegea mtego, halafu nampa pole.

Sasa jamaa zangu wa jirani, wanaosoma kompyuta na wanaijua kuliko mimi, wanasema angefuata maelekezo yasingemkuta. Nawauliza, mtihani wetu unafanywaje? Mtu akijibu swali la tano kabla ya la pili, kuna tatizo? Hakuna, maana anaandika namba ya swali pembeni. Hebu mtungaji aseme msiandike namba, nitajua mwenyewe kwa mpangilio, tuone kama hamtaandamana. Hata ukimpa kondakta mzigo wa Lindi unaandika jina na simu juu ya boksi. Humwambii "wa kwangu ni wa tatu kutoka mlangoni."

Na jina la kuandika juu ya boksi lipo siku nyingi. Kazi ya getopt ya lugha ya C, AT&T waliitoa hadharani mwaka 1985 kwenye mkutano wa UniForum kule Dallas. Mimi na ninyi hatujazaliwa. Kwenye sheli kuna getopts, imo ndani ya POSIX, huhitaji kushusha chochote kwenye intaneti. Nilichotakiwa kuandika ni hiki:

while getopts ":c:t:h" op; do
  case "$op" in
    c) chanzo=$OPTARG ;;
    t) tokeo=$OPTARG ;;
    h) msaada; exit 0 ;;
    :) echo "Umeandika -$OPTARG bila kutaja faili." >&2; exit 2 ;;
    \?) echo "Silijui chaguo -$OPTARG. Andika -h." >&2; exit 2 ;;
  esac
done
shift $((OPTIND - 1))

(msaada ni fanksheni yangu ya mistari mitatu, inaandikwa juu yake.) Sasa mwalimu aanze na -t au aanze na -c, sawa tu. Ile nukta pacha ya mwanzo kwenye ":c:t:h" ndiyo inayonyamazisha ujumbe wa Kiingereza ili niseme wa kwangu. Na hapa sitaki kusikia eti Kiswahili hakifai. Pale Mlimani watu walishatafsiri programu nzima ya ofisi, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Mimi nishindwe sentensi mbili za makosa?

Lakini msije mkaiga hapo mkaishia hapo. getopts haijui chaguo lipi ni la lazima. Tena ukiandika -c -t matokeo.csv, inachukua "-t" kuwa ndiyo jina la chanzo, bila aibu. Kwa hiyo baada ya shift unaendelea kukagua: chanzo ni faili kweli? Tokeo limetajwa? Limeshakuwepo? Kama lipo, kataa. Kimebaki kitu kwenye mstari? Kataa pia. Hiki cha mwisho kwetu ni muhimu kinoma, maana wilaya ile kila mahali ni Kilwa fulani: Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Kilwa Kisiwani. Mtu akiandika -c Kilwa Masoko.csv -t matokeo.csv bila alama za kunukuu, chanzo kinakuwa "Kilwa", getopts inasimama ilipokuta Masoko.csv, na -t haisomwi kabisa. Skripti yangu ya zamani ingefumba macho na kuendelea. Hii mpya inagoma.

Ng'apa ya Lindi hiyo ni kesi nyingine. Andika Ng'apa kavu kavu, sheli inadhani umefungua nukuu, inakaa na > inakusubiri. Hapo getopts haina msaada, mambo yameharibika kabla haijaitwa. Unaandika "Ng'apa" ndani ya nukuu, basi.

Mwingine kaniambia skripti ya mistari kumi haihitaji sherehe zote hizo, si unaitumia mwenyewe. Hata mimi nilidhani hivyo. Ila skripti ikishaingia kwenye flash ya mtu haina mwenyewe tena, na anayekuja kuumia ni yule asiyejua $1 ni mdudu gani. Ninyi mnaoandika za kugawa alama za CA hapa hapa chuoni kwa $1, $2, $3 mpaka $7, nawajua, na alama zangu zimo humo.

Jumamosi nilimpigia mwalimu tena, nikamwambia kosa lilikuwa langu, na nikamwomba niongee na mkuu wake. Akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe nitumie hiyo mpya kwanza." Nimeituma kwa basi la juzi. Karatasi nane bado hazijapatikana.

Kesho nina test ya saikolojia ya elimu na sijafungua hata notisi. Wenye past paper nipitieni room.