Konda Wangu Hataki Kulainishwa

“Mwendo unakatikakatika. Jitahidi uwe laini.” Hayo ndiyo maoni yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye fomu ya kazi yangu ya sekunde 20, na chini yake alama 11 kati ya 20. Nimekaa na karatasi hiyo muhula mzima. Mwanzoni nilikasirika tu, kama mtu yeyote aliyekosa alama. Baadaye nikagundua kwamba ndani ya hasira ile kuna hoja, na hoja yenyewe inatuhusu wote tunaosoma animesheni hapa chuoni, hata wale waliopata 18.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Konda wa daladala ananing'inia mlangoni, anamwona abiria, anaruka chini, anaita, anadandia tena gari likiwa limeshaondoka. Nani hajamwona konda? Siku ukiwa kituoni mtazame vizuri. Hatiririki kama maji. Anaganda, mkono mmoja umeshika mlango, shingo iko nje, macho yanatafuta. Halafu pa! Yuko chini. Ukijaribu kukumbuka alifikaje chini, hukumbuki. Unakumbuka alivyokuwa juu na alivyokuwa chini, basi. Hicho ndicho nilichotaka kukionyesha, na ndicho kilichoitwa kosa.

Tatizo linaanzia kwenye programu. Wengi wetu tunatumia Blender kwa sababu ni ya bure na bumu lenyewe halifiki mwisho wa mwezi. Ukiweka pozi moja kwenye fremu ya 1 na jingine kwenye fremu ya 24, Blender inazijaza zote za katikati yenyewe, kwa mkunjo unaoanza taratibu na kumalizia taratibu. Mara ya kwanza inapendeza, unajiona fundi kweli kweli. Lakini hapo safari nzima umeiachia kompyuta, na kompyuta haijui kwamba konda ana haraka. Matokeo yake mhusika anaelea kama yuko ndani ya bwawa. Nenda kwenye maonyesho ya kazi za mwaka wa tatu ujionee: babu anaelea, mwizi anaelea, jogoo naye anaelea. Wote wana mwendo mmoja kwa sababu aliyewaendesha ni mmoja, yule mkunjo wa programu.

Waliopata dawa ya jambo hili hata kompyuta hawakuwa nayo. Mwaka 1942 Disney walitoa Bambi, filamu yenye wanyama wanaotembea kwa ulaini wa kukufanya usahau kwamba wamechorwa. Mwaka huohuo Chuck Jones, kule Warner Bros., alitoa katuni fupi iitwayo The Dover Boys, kuhusu ndugu watatu wanaosoma chuo kikuu cha kubuni (wanachuo wenzetu hao). Mle ndani mtu anakaa kwenye pozi, kisha anarukia pozi jingine, na katikati kuna michoro michache tu ambayo ukiisimamisha utacheka: mwili umevutwa kama bazoka, uso umetandazwa hewani. Ikicheza kwa kasi yake huuoni ule uso. Unahisi tu kwamba mtu kachomoka. Jones mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wakubwa wake hawakuifurahia. Niliposoma hilo nikajiona nimepata ndugu.

Sasa tuhesabu. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Konda wangu alikaa mlangoni fremu 14. Akatumia fremu 5 kujikunja na kurudi nyuma kidogo, magoti yakibonyea, maana jicho la mtazamaji lazima lidokezwe kwamba kuna jambo linakuja, usipolidokeza, linapitwa. Kutoka mlangoni hadi chini, fremu 2, na katika ya kwanza mwili umerefuka karibu mara mbili. Akatua kwa kupitiliza, amebonyea kuliko mwili wa kweli unavyoweza, halafu fremu 8 za kujirudisha, huku noti alizozikunja vidoleni na pindo la shati vikichelewa kufika. Jumla fremu 29. Hiyo haraka ambayo watu wanaiona ni fremu 2 tu. Zilizobaki ni kusubiri, kujiandaa na kutulia. Ukizilainisha zile 2 zikawa 10, konda si konda tena, ni mgeni rasmi anayeshushwa kwenye gari.

Niwe mkweli, aliyesahihisha hakukosea kila kitu. Miezi miwili baadaye niliitazama upya, nikaona kwamba katika zile fremu 14 za mlangoni konda amekufa. Kwenye karatasi mchoro unaweza kusimama kabisa na bado ukawa hai, lakini mwili wa pande tatu ukisimama hivyo mtu anadhani kompyuta imeganda. Ilitakiwa pumzi kidogo, kope, kichwa kisogee kiduchu. Hapo nilichemka. Ila dawa ya kosa hilo ni kumpa uhai pale aliposimama, siyo kumwondolea mruko.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya katuni za kale, eti sasa hivi kila kitu ni pande tatu. Mwaka 2012 Genndy Tartakovsky aliongoza Hotel Transylvania, kazi ya kompyuta kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alikuwa anachora kwa mkono juu ya fremu za wahuishaji wake ili mapozi yasukumwe zaidi. Kwenye Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, kuna kipande cha msituni ambapo picha ya Miles inabadilika kila baada ya fremu mbili, huku ya mwalimu wake Peter ikibadilika kila fremu. Kijana anaonekana bado anajifunza, bila mtu kusema neno. Filamu hiyo ilipata Oscar. Kwa fomu yetu ya alama, Miles angeambulia 11.

Kinachoniuma ni kingine. Darasani kuna mwenzetu mwenye mkono mzuri wa pozi kuliko sisi wote. Muhula huu amelainisha kila kitu, kwa sababu anahitaji GPA. Simlaumu, ana ndugu wanaomtegemea. Lakini kazi zake siku hizi siwezi kuzitofautisha na za mtu mwingine yeyote.

Siombi alama zangu zirudishwe (zikirudishwa sitakataa). Naomba kipengele cha “ulaini wa mwendo” kitoke kwenye fomu, na mahali pake pawe na swali kwamba mwendo unamfaa mhusika huyu au haumfai. Naomba pia kila mradi uanze kwa kuonyeshwa mapozi matupu, yakibadilika pa, pa, pa bila kompyuta kujaza chochote. Blender ina hali hiyo, ni kubadilisha chaguo moja tu. Darasa liangalie, lijaribu kueleza kisa. Kisipoeleweka hapo, hakuna mkunjo utakaokiokoa.

Kikao cha wawakilishi wa idara na walimu kiko wiki ya tisa. Nitakuja na konda wangu, safari hii akiwa anapumua.