Dawa ya Deni ni Kulipa, na Serikali Pia Hudaiwa

Wananchi wenzetu, wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kila mwaka, tarehe 30 Juni inapokaribia, serikali hutukumbusha methali hiyo kwa matangazo na maonyo, nasi hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kwamba methali hiyo husomwa upande mmoja tu. Mwananchi akichelewa kulipa kodi, hutozwa riba. Serikali ikichelewa kumrudishia kodi aliyolipa kupita kiasi, riba yake hungoja kwanza ipumzike.

Wapo watakaouliza: jambo hili lina uhusiano gani na Tseikuru, mahali ambapo wengi wanahangaikia maji na malisho kabla ya kuhangaikia hesabu za kodi? Lina uhusiano mkubwa. Mwalimu mwenye ulemavu alisamehewa na agizo la mwaka 2010 asitozwe kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi. Lakini hati ya msamaha ikichelewa, mshahara wake huendelea kukatwa. Kontrakta mdogo anayejenga darasa au kuchimba bwawa huzuiliwa asilimia 3 ya malipo yake yote, wala si ya faida yake. Ikiwa mwaka ulikuwa mbaya na faida haikuonekana, kodi iliyozuiliwa huzidi ile anayodaiwa. Watu hawa hawaombi sadaka. Wanadai mali yao.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtoza mlipakodi aliyechelewa riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kuanzia siku deni lilipostahili kulipwa. Kwa serikali iliyochelewa kurejesha, kiwango ni hichohicho, asilimia 1. Ukisoma haraka utasema haki imetendeka. Lakini sheria hiyo ilipopitishwa iliipa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) miaka miwili tangu siku ya maombi kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Kiwango ni kimoja, saa ni mbili.

Tuchukue mfano wa shilingi 24,000. Mwananchi akikaa na fedha hizo za serikali miaka miwili, riba peke yake, bila faini, ni shilingi 240 kwa mwezi, yaani shilingi 5,760. Serikali ikikaa na shilingi 24,000 za mwananchi kwa miaka hiyo miwili tangu aombe, chini ya kanuni hiyo alilipwa riba gani? Hata senti moja hakulipwa. Marekebisho yaliyofuata yamefupisha kipindi cha kungoja, na kuruhusu kodi iliyozidi itumike kufidia kodi nyingine. Hata hivyo desturi ya kuipa serikali muda wa bure haijang'olewa. Nayo Sheria ya Fedha ya 2025 imeongeza siku za Kamishna kuamua maombi kutoka 90 hadi 120.

Sisi wa nchi ya mifugo twalielewa jambo hili bila kufundishwa na mhasibu. Mbuzi wako akiingia katika zizi la jirani, akakaa huko miaka miwili na kuzaa, jirani hawezi kukurudishia yule mbuzi mmoja na kudai kwamba deni limekwisha. Wana wa mbuzi ni wako, na maziwa yaliyonywewa yana mwenyewe. Riba ya marejesho ndiyo mwana-mbuzi huyo.

Tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa kuna wadanganyifu wanaodai marejesho ya uongo, na kwamba ni lazima hesabu zikaguliwe. Tunakubali, na zikaguliwe, kwa kuwa hazina inayoibiwa ni yetu. Lakini dai la uongo halistahili marejesho wala riba, kwa hiyo riba haimnufaishi mdanganyifu hata kidogo. Anayeumizwa na kucheleweshwa bure ni yule mkweli.

Wala tusidhani mahakama pekee zitatuondolea kero hii. Huko India, mwaka 2006, Mahakama ya Juu iliamuru kampuni ya Sandvik Asia ifidiwe kwa riba iliyocheleweshwa kwa miaka mingi. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba mlipakodi hupata tu riba iliyoandikwa katika sheria. Na Sheria ya Kodi ya Mapato ya India ya 1961 ilimpa mwananchi nusu ya asilimia kwa mwezi huku ikimtoza asilimia nzima. Funzo ni wazi: haki ambayo haikuandikwa bungeni ni vigumu kuipata mahakamani. Kwa mtu wa Tseikuru, mwenye safari ya kupitia Kyuso na Mwingi kabla ya kuiona Nairobi, ni vigumu maradufu.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, shabaha ya mageuzi haikuwa kuongeza idadi ya vyama tu. Shabaha ilikuwa serikali inayofungwa na sheria ileile inayomfunga raia. Katiba ya 2010 iliandika hayo: kifungu cha 47 kinatupa haki ya kutendewa upesi na kwa haki na afisi za umma, na kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa usawa.

Vijana walipompachika Rais William Ruto jina la Zakayo, wengi walimkumbuka mtoza ushuru aliye juu ya mti. Wakristo wenzetu, someni Injili ya Luka hadi mwisho wa kisa. Zakayo aliposhuka aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Sisi hatudai mara nne. Twadai asilimia 1, ila ihesabiwe kwa saa moja.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Riba ya marejesho ianze siku maombi yanapopokelewa. Ilipwe bila mwananchi kuiombea upya. Na kila mwaka KRA itangaze, kaunti kwa kaunti, kiasi cha marejesho ambacho hakijalipwa.

Nanyi wasomaji, tunzeni hati za makato na za kodi iliyozuiliwa. Dai la kodi ya mapato lina kikomo cha miaka mitano. Vikundi vya haki na amani makanisani viwasaidie wasiojua kujaza maombi. Na Mswada wa Fedha ukiletwa kwa maoni ya umma, pelekeni haya kwa maandishi, na mumwulize Mbunge wa Mwingi Kaskazini atapiga kura upande gani. Anayetufundisha kulipa deni na alipe lake.